SOMO LA FAMILIA: KIPIRA CHA PUA YA MTOTO, TUAZIMANE AU TUSIAZIMANE?

Masomo: 2 Wafalme 4:1-7, Hesabu 31:21-24, Mathayo 23:25-26

Mwezi huu somo la familia linahusu kile kipira cha kuvutia makamasi ya mtoto mchanga. Sisi tuliotoka Kongo wengi tunakiita pwari, na wenyeji wetu wanakiita pampu ya pua. Najua yupo atakayesema kwamba habari hii ni ya nesi, siyo ya mchungaji. Tunamwomba avumilie kidogo, maana swali lililotufanya tuandike lililetwa kwa wazee wa kanisa, na aliyelileta alikuwa na Biblia mkononi.

Mambo yalikuwa hivi. Mama mmoja wa ushirika wetu alipata kipira katika mfuko wa vitu vya mtoto aliopewa alipojifungua. Kikawa kinazunguka. Mtoto wa nyumba ya pili akipata mafua, kinakwenda. Wa nyumba ya nne akikoroma usiku, kinakwenda. Asubuhi kinarudi kimefutwa kwa kitambaa, kinang'aa. Baadaye mhudumu wa afya wa kijiji akamwambia asikiazime tena. Jirani aliyenyimwa aliumia moyo sana, akasema kwamba upendo umepoa kati yetu. Akafungua 2 Wafalme 4, akatuonyesha mjane yule ambaye Elisha alimtuma kwa jirani zake wote kuazima vyombo. Akauliza: kama jirani wale wangemnyima, watoto wake wasingechukuliwa utumwani?

Ni swali zuri. Watu waliokimbia wanajua maana ya kuazima. Tumeazimana chumvi, kiberiti, jembe, hata koti la kuvaa siku ya kuitwa ofisini kwa mahojiano. Mtu asiyeazima hapa hawezi kuishi. Kwa hiyo hatukutaka kumjibu dada yetu kwa haraka.

Tulipolisoma lile fungu tena pamoja naye, tuliona neno ambalo ni rahisi kulipita. Nabii hakusema vyombo tu, alisema vyombo vitupu. Mjane alipewa vyombo visivyo na kitu ndani, ndiyo maana mafuta yake yaliingia safi na yakauzika. Basi tukamwuliza: kipira kile kilipotoka nyumba ya kwanza kuja kwako, kilikuwa kitupu?

KILICHOMO NDANI

Kipira hufanya kazi kwa pumzi. Unakibana, unaweka ncha kwenye tundu la pua, unakiachia, nacho kikijaa tena kinavuta makamasi. Makamasi hayo hayaishii kwenye ncha. Yanaingia tumboni mwa kipira, mahali penye giza na unyevu, ambapo jicho na kidole havifiki. Mama anafuta nje, anaona pamependeza. Ndani makamasi yanabaki yakiganda, nayo ni chakula cha vijidudu. Baada ya siku kadhaa huota ukungu mweusi. Mara nyingine mtu akikibana, hasa akiwa ameshakiweka puani, hewa iliyopita juu ya uchafu ule inapulizwa ndani ya pua ya mtoto.

Mwenye kipira cha zamani asichokitumia tena akipasue katikati kwa wembe, atazame. Mtu akiona mara moja hatahitaji mahubiri yetu.

Bwana wetu aliwakemea watu waliosafisha kikombe kwa nje na kuacha ndani, akawaambia waanze na ndani (Mathayo 23). Alikuwa anasema habari za moyo, tunalijua hilo, wala hatutaki kuligeuza neno lake kuwa fundisho la sufuria. Lakini mfano wake ulieleweka kwa sababu kila mama aliyemsikia alijua kwamba uchafu wa ndani ya kikombe ndio unaofika kinywani.

Kwa nini jambo hili ni zito? Mtoto wa miezi ya kwanza hupumua zaidi kwa pua. Pua ikiziba hawezi kunyonya vizuri, anashika ziwa, analiachia, analia. Na mafua ambayo kwa mtu mzima ni kero ya siku tatu, kwa mtoto mchanga yanaweza kushuka kifuani. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba katika mwaka 2019 nimonia iliua watoto zaidi ya 740,000 wa chini ya miaka 5 duniani. Virusi vya mafua hutoka kwa makamasi na kwa mikono. Kipira kikizunguka nyumba nne bila kuoshwa ndani, kinafanya kazi ambayo mafua yenyewe yangechukua wiki kuifanya.

Upendo unaweza kubeba mauti bila kujua. Katika mwaka 1847, kwenye hospitali moja ya Vienna, nchi ya Austria, daktari Ignaz Semmelweis aliona akina mama wengi wakifa kwa homa ya uzazi katika wodi ya madaktari kuliko katika wodi ya wakunga. Madaktari hawakuwa watu wabaya. Walitoka kupasua maiti ili wajifunze, kisha wakaenda kuzalisha, na mikono yao ilionekana safi. Aliwaagiza wanawe kwa maji ya klorini, vifo vikapungua sana. Wenzake wengi walikasirika kuambiwa kwamba mikono yao ndiyo iliyobeba ugonjwa. Hata sisi hukasirika hivyo hivyo tukiambiwa habari ya vyombo vyetu.

MOTO NA MAJI

Katika Hesabu 31, kuhani Eleazari aliwaelekeza watu jinsi ya kutakasa vyombo walivyorudi navyo. Vile vinavyostahimili moto, kama dhahabu, shaba na chuma, vipitishwe motoni. Visivyostahimili vipitishwe majini. Sheria ile ilihusu unajisi wa vita, na hatuwezi kusema Eleazari alijua habari za bakteria. Lakini hekima yake ya kupanga vyombo kwa kadiri ya uwezo wao inatufaa sana hapa, maana vipira si vya aina moja.

Kipo kipira cha silikoni kinachofunguka vipande viwili. Hiki ni kizuri kuliko vyote. Unakifungua, unasugua ndani kwa mswaki laini mpya, unachemsha, unaona kwa macho yako. Vipo vifaa vya namna hiyo vilivyotengenezwa kwa ajili ya wakunga, vya kutumika tena na tena kwa kuchemshwa. Kipo pia cha mpira mzima kisichofunguka, chenye rangi ya buluu au nyekundu, ambacho ndicho kilichojaa sokoni. Hiki huwezi kuona ndani yake, na wataalamu hawakubali kitumike kwa mtoto zaidi ya mmoja hata kikioshwa. Kisha kuna cha plastiki ngumu, ambacho kikichemshwa hujikunja. Hicho ni cha maji ya moto na sabuni tu, kama karatasi yake inavyoeleza, na kisitoke nyumba kwa nyumba. Wale waliopata ile ya mrija, ambayo mzazi huvuta kwa mdomo wake, wajue kwamba ina kichujio kidogo katikati. Kichujio hakioshwi, kinabadilishwa. Kama hamna vingine vya kubadilisha, kifaa hicho kiwekeni kando.

Jambo moja tunalisema waziwazi ingawa linaona haya. Wengine wetu hutumia mpira wa aina hii hii kumpiga mtoto bomba, yaani kumwosha tumbo kwa njia ya haja kubwa. Mpira uliofanya kazi hiyo usiguse pua ya mtu yeyote, hata ukichemshwa mchana kutwa. Na hilo bomba lenyewe mwulizeni nesi kabla ya kumpiga mtoto mchanga, maana limeumiza watoto.

KUOSHA NA KUCHEMSHA

Kuosha kunakuja kwanza. Wengi hutupa kipira moja kwa moja kwenye maji yanayochemka, na makamasi yanapikwa yakashika ndani kama gundi. Mara tu baada ya kutumia, nawa mikono, bana kipira ukimwaga makamasi juu ya kitambaa au karatasi, halafu vuta maji ya uvuguvugu yenye sabuni, ziba ncha kwa kidole, tikisa kwa nguvu, mwaga. Rudia mpaka maji yatoke meupe kama yalivyoingia. Kisha suuza kwa maji safi mara kadhaa hadi povu la sabuni liishe, maana sabuni nayo inawasha pua. Usisubiri hadi asubuhi. Makamasi mabichi hutoka kwa maji kidogo, yaliyokauka yatakumalizia bidoni.

Kisha kuchemsha. Tumia sufuria ndogo yenye kifuniko, na uweke kitambaa safi chini ili mpira usigusane na chuma cha moto. Hapa ndipo wengi hawafaulu: kipira chenye hewa huelea, na kikielea, ndani yake hakuna maji yanayochemka. Kizamishe kikiwa kimebanwa, kiachie chini ya maji, kijae. Kikiendelea kuelea, rudia. Maji yakianza kuchemka kwa mapovu makubwa, hesabu dakika 10 kamili. Asiye na saa aimbe nyimbo tatu za ibada zenye beti zote, bila kuruka ubeti.

Usikitoe kikiwa cha moto ukakibana. Maji yaliyo ndani yanachemka, yatakurukia usoni au yatamwagikia mtoto uliyempakata. Epua, acha yapoe, ndipo umwage. Kisha kisimamishe ncha ikitazama chini, juu ya kitambaa safi, kivulini penye upepo, mpaka kikauke. Jua kali huharibu mpira, na uani kuna vumbi na nzi. Kikishakauka kiwekwe ndani ya kikombe chenye kifuniko. Kukifunga kwenye mfuko wa plastiki kingali na unyevu ni kuutafutia ukungu nyumba.

Tumeulizwa habari za dawa ya klorini ya kufulia nguo. Kwenye zahanati wanaitumia kwa vipimo. Nyumbani hatuishauri kwa kipira kisichofunguka, maana ni vigumu kujua kama imesuuzika yote, na ikibaki ndani itaingia puani. Moto unatosha. Kuchemsha hakuui kila mbegu ya kijidudu iliyopo duniani, lakini kwa chombo kilichooshwa vizuri kwanza, cha mtoto mmoja, kunatosha.

Kuosha ni kila mara. Kuchemsha ni kabla ya kutumia mara ya kwanza, kisha mara moja kwa siku mtoto anapougua, na mara ya mwisho mafua yakiisha, kabla ya kukihifadhi. Ukiona kimepasuka, kimekuwa cha kunata, hakirudi kikibanwa, kinanuka, au maji yake yakimwagwa kwenye sahani nyeupe yana vipande vyeusi, kitupe. Usimpe mwingine, na usiwape watoto wachezee.

KIDOGO JUU YA KUTUMIA

Bana kipira kabla ya kukiweka puani, siyo kikiwa ndani. Ncha iguse mlango tu wa pua. Fanya kabla ya kunyonyesha, maana baada ya kunyonya mtoto atatapika. Mara tatu au nne kwa siku zinatosha, zaidi ya hapo pua huvimba ndani na kuziba kuliko mwanzo. Makamasi mazito yalainishwe kwanza kwa tone moja au mawili ya maji ya chumvi kila tundu: maji yaliyochemshwa, kikombe cha robo lita, chumvi isiyozidi nusu ya kijiko cha chai kilichofutwa bapa. Yatengenezwe mapya kila siku.

Mafuta ya mawese, samli na dawa za kuchua zenye harufu kali visiingie puani mwa mtoto. Mafuta huteleza hadi kwenye mapafu na kuleta ugonjwa huko. Bibi zetu wanaopenda kumnyonya mtoto pua kwa mdomo tunawaheshimu, wamelea wengi hivyo, lakini kinywa cha mtu mwenye kikohozi kina vijidudu vyake, na mtoto hana pa kukimbilia.

Kwa wanaosaidia kuzalisha: mtoto aliyezaliwa akalia na kupumua mwenyewe hahitaji kuvutwa pua wala mdomo. Shirika la Afya Duniani liliandika hivyo katika mwongozo wake wa mwaka 2012. Mkausheni, mwekeni kifuani pa mama yake, mfunikeni.

ASIYE NA KIPIRA

Hapa tunataka kila mama asikie vizuri. Kutokuwa na kipira si umaskini wa kumwua mtoto. Kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha kutibu watoto hospitalini chenyewe kinafundisha njia isiyo na gharama: chukua kitambaa laini cha pamba kilicho safi, kiloweshe kwa maji safi, kisokote ncha iwe kama utambi wa taa, uzungushe taratibu kwenye tundu la pua kabla ya kunyonyesha. Makamasi yanashika kwenye utambi. Kitambaa kinafuliwa kwa sabuni, kinachemshwa pamoja na nepi, kinaanikwa. Kila mtoto na vitambaa vyake. Kwa maoni yetu, utambi huu ni bora kuliko kipira cha kuazima, na ni bora kuliko kipira kisichofunguka ambacho hakuna anayejua kimetoka wapi.

Lakini pua safi haitibu nimonia. Mtoto akiwa ametulia, fungua nguo, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 12, ni 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi miaka 5, ni 40 au zaidi. Au ukiona sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, anapata degedege, amelegea haamki: nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata usiku, hata kama maombi yanaendelea. Mtaombewa njiani. Akina baba, tafadhali msingoje kuitwa mara mbili kumsindikiza mama.

TUAZIMANE NINI?

Turudi kwa dada yetu na swali lake. Tulikubaliana hivi, naye alikubali. Kipira kina mwenyewe mmoja, kama mswaki. Mama anayekataa kukiazima hajakosa upendo, na asisemwe kisimani. Lakini jirani yake hakuomba mpira, aliomba mtoto wake apumue, na ombi hilo haliwezi kujibiwa kwa mlango uliofungwa. Mnyime kipira, kisha nenda naye nyumbani kwake ukamwonyeshe utambi, ukamshikie mtoto anapohesabu pumzi.

Na tunajua kuni. Dakika 10 za moto ni nyingi kwa nyumba ambayo kuni zake zimepangwa kwa chungu kimoja cha maharage kwa siku. Mwenye mkaa aweke sufuria ile ndogo juu ya jiko mara tu anapoepua chakula, ikiwa makaa bado ni mekundu ya kutosha kufanya maji yachemke. Yasipochemka, kazi hiyo haijafanyika, hata kama maji yamekuwa ya moto sana. Kuni, sufuria, kifuniko, saa ya mkononi, hivyo vyote viazimwe kwa moyo mweupe. Hivyo ndivyo vyombo vitupu vya jirani zake mjane.

Akina mama wa huduma wametoa sufuria kubwa yenye kifuniko, haitapikiwa kitu kingine. Kila Alhamisi baada ya maombi ya mchana itainjikwa nyuma ya kanisa. Atakayekuja alete kipira chake kikiwa kimeshaoshwa ndani nyumbani, kimefungwa uzi wa rangi yake shingoni ili visichanganyike, pamoja na kuni mbili. Asiye na kuni aje tu. Wenye mtoto mgonjwa wasingoje Alhamisi, sufuria ipo kwa mama shemasi siku zote, nao wamwambie wanapoichukua. Na wale wanaotaka kumletea zawadi mama aliyejifungua, badala ya kumwazima kile cha mwaka jana, wachangishane watatu au wanne wamnunulie kipya kinachofunguka. Kisipopatikana sokoni, vitambaa vitano vya pamba vilivyofuliwa na kupigwa pasi vitapokelewa kwa furaha.